Maiki ya USB isiyozidi laki mbili kwa ajili ya simulizi za sauti: nichukue ipi?

#1 Msimulizi wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni.

Nasoma simulizi na kuziweka YouTube, mpaka sasa natumia simu tupu. Wasikilizaji wanaongezeka pole pole, ila kila ninachopandisha lazima mtu aandike hapo chini "hadithi tamu, lakini sauti kama uko kisimani". Nimechoka kusemwa. Nimetenga laki mbili, nataka maiki ya USB nichomeke kwenye kompyuta nianze kazi. Mambo ya mikisa na rundo la waya siyawezi kwa sasa.

Mazingira: chumba kimoja cha kupanga, Mbagala. Chini marumaru, juu silingibodi na bati. Dirisha linatazama barabara ya vumbi, bodaboda hazikatiki mpaka saa sita usiku. Jirani anafuga jogoo asiyejua saa. Feni nazima nikivumilia joto. Kompyuta ni Dell ya zamani, Windows 10.

Nimezunguka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kila duka na lake. Mmoja kanitolea BM-800 na kadi ya sauti ya V8, stendi, sponji, kila kitu ndani ya boksi moja na bei chee, anasema hiyo ndiyo ya studio. Wa pili akaniambia achana naye, chukua Fifine K669. Wa tatu ana Blue Yeti, hiyo bei nilipoisikia nikaaga.

Nisaidieni kabla hela haijapata kazi nyingine.

#2 Mchungulia Nyuzi

Naweka kambi hapa. Na mimi nina podikasti kichwani tangu mwaka juzi, inakosa maiki tu.

#3 Jobless Mwandamizi

Anza na jogoo. Jumapili pilau, nusu ya tatizo imeisha.

#4 Fundi Mitambo

Mkuu Msimulizi, majina ya maiki yasubiri kidogo. Umetaja marumaru, silingibodi, bodaboda na jogoo. Hao ndio watakaokuchagulia maiki, siyo mwenye duka.

Kwa bei zetu hizi utakutana na maiki za namna mbili. Kondensa ina utando mwembamba sana wenye chaji ya umeme, kitu kidogo tu kinautikisa. Dainamiki utando wake umebeba koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku, kwa hiyo ni mzito kuamka, unataka sauti iliyo karibu na yenye nguvu. Wauzaji wanaipamba kondensa kwamba ina usikivu mkubwa, na hawadanganyi. Shida ni kwamba ndani ya chumba chako itamsikia kila mtu: wewe, bodaboda, saa ya ukutani na huyo jogoo.

Wengine watakuambia dainamiki "inakata kelele". Hakuna uchawi humo. Kinachokata kelele ni ukaribu. Kila unapouzidisha mara mbili umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapungua kama desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiwa sentimita 10 kisha ukarudi nyuma mpaka 40, umepoteza 12. Mwangwi wa chumba haujapungua hata kidogo, maana huo umejaa kila kona, haujali maiki iko wapi. Ndipo unapoongeza geini, yaani nguvu ya maiki kupokea sauti, ili usikike, na mwangwi nao unapanda pamoja nawe. Hicho ndicho "kisima" wanachokuandikia. Simu yako uliiweka mezani, wewe ukakaa kwenye kiti, ukasoma. Sijaona, lakini nakadiria.

Kondensa ukiisogelea sentimita 5 inalipuka kila ukisema "p". Dainamiki imezoea kulishwa karibu. Basi kwa mtu wa marumaru na bodaboda, dainamiki inamlazimisha kufanya kile ambacho angetakiwa kukifanya hata hivyo.

Za kutafuta: Samson Q2U, Audio-Technica ATR2100x, Fifine AM8 au K688, Maono PD200X. Zote hizo ni dainamiki, zote zina tundu mbili, USB na XLR (ile ya pini tatu ya kwenda kwenye mikisa). Ile XLR leo huihitaji. Siku ukinunua mikisa au kadi ya sauti, maiki haitupwi, inahamia huko. Kwa laki mbili sidhani kama utafikia ATR2100x au PD200X kwa hapa Dar, AM8 na K688 ndizo zinazoonekana zaidi. Q2U ukiikuta usiulize mara mbili, inakuja na stendi ndogo, sponji na waya zote mbili.

Kuhusu BM-800. Ile siyo ya USB. Ni kondensa ya XLR, wanakupa waya unaoigeuza kuwa pini ndogo kama ya hedifoni, au kidude cha USB cha kuunganishia. Maiki za namna hiyo zinatarajia umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, na tundu la hedifoni la kompyuta haliutoi. Itafanya kazi, ndiyo, kwa sauti hafifu na ule mvumo wa "shshsh" chini yake. Ile V8 nayo ni ya kupigia makofi na vicheko kwenye laivu. Kwa msimulizi wa hadithi ni kujitafutia kesi.

Yeti ni maiki nzuri, ipo tangu 2009, zamani ya Blue na siku hizi ya Logitech. Lakini ni kondensa, na ina mikao minne ya kusikia: mbele tu, mbele na nyuma, pande zote, na stirio. Wanunuzi kibao wanaiacha kwenye pande zote bila kujua, halafu wanaisemesha kwenye kichwa chake wakati ile inasemeshwa ubavuni. Kwa chumba chako ingekuwa hela nyingi kwa ajili ya kumrekodi jogoo kwa ubora.

#5 Mama Kisomo

Fundi, shikamoo. Nakuheshimu ila hapa naomba nikupinge kidogo.

Mimi nipo Dodoma, natumia Fifine K669B, ndiyo hiyo hiyo kondensa unayomkataza mwenzio, na nasomea watoto hadithi za darasa la kwanza na la pili. Hakuna anayelalamika kisima wala mtaro. Sirekodi mezani. Nafungua kabati la nguo, naweka maiki kwenye rafu ya katikati, nguo zinaning'inia kulia na kushoto, nami nimesimama mlangoni mwa kabati nimejifunika shuka nene kuanzia mabegani kwenda nyuma. Saa nane usiku. Mume wangu alicheka wiki ya kwanza, sasa amezoea.

Ile K669 haina makuu. Waya wake umeshikana na maiki, ni kama mita moja na robo tatu, kwa hiyo kompyuta ikae karibu. Tundu la hedifoni hakuna, hujisikii mpaka umalize kurekodi. Kitufe kimoja cha kuzungusha geini, basi. Lakini "s" na "f" zinatoka safi, na watoto wanaojifunza kusoma wanahitaji kuzisikia hizo herufi. Dainamiki ya bei rahisi niliyoazimwa na kaka yangu ilinifanya nisikike nimeziba pua.

Mtu akiwa na kabati na usiku, kondensa ya bei ya chini inamtosha, na hela inayobaki anunue sukari.

#6 Fundi Mitambo

Marahaba dada Mama Kisomo. Hatupingani sana. Wewe umejijengea studio ndani ya kabati halafu ukaweka kondensa humo. Hapo naungana nawe, na kwa "s" uko sahihi, kondensa inazipata sauti za juu vizuri kuliko dainamiki za bei hii. Ila Mbagala saa nane usiku siyo Dodoma saa nane usiku. Na mwenzetu hajasema kama ana kabati.

#7 Msimulizi wa Mbagala

Kabati sina. Nina begi na misumari ukutani.

#8 Kaka wa Luthuli

Hapa Nairobi ni hivyo hivyo, boss, tembea Luthuli Avenue uone. Maiki ziko kila mahali na kila mtu ni mtaalamu mpaka umlipe.

Kitu nataka kusema ni kuhusu kununua. Usinunue maiki imefungwa. Beba laptop yako ama uitishe ya duka, chomeka, rekodi hapo hapo. Kuna duka niliuziwa boksi la dainamiki, ndani kulikuwa na kondensa ya kawaida imevalishwa nyumba nono ya dainamiki. Kwa macho huwezi jua. Kwa masikio unajua: weka maiki mdomoni, ongea, halafu endelea kuongea kwa nguvu ile ile huku unaisukuma mbali mpaka mkono unyooke. Dainamiki kwa kawaida sauti inafifia haraka, unakuwa mtu wa mbali. Ikiendelea kukusikia vizuri pamoja na matatu za nje, hiyo itilie shaka.

Na hakikisha unachosikiliza ni hiyo maiki. Laptop ina maiki yake ndani, mara nyingi Windows inabaki nayo. Kwaruza wavu wa maiki taratibu na ukucha. Ukisikia "krrr" kubwa kwenye rekodi, ni yenyewe. Ukisikia kwa mbali kama mtu anakuna ukuta, unarekodi na laptop na umekaribia kulipia kitu bado hujakijaribu.

Tundu la hedifoni kwa maiki ni muhimu kuliko mataa ya rangi. Unajisikia bila kuchelewa, kwa sababu sauti haiendi kwa kompyuta kwanza ndiyo irudi. Ukisogea kando kidogo unajua papo hapo.

#9 Mchungulia Nyuzi

Swali la mwanafunzi. Hizi hazihitaji kuwekewa dereva, ile programu ya kuitambulisha maiki kwa kompyuta? Na je kwenye simu zinakubali? Mimi kompyuta sina kabisa.

#10 Kaka wa Luthuli

Dereva hapana, karibu zote ukichomeka zinatambuliwa zenyewe, iwe Windows, Mac ama Linux. Simu ya Android unatafuta adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vitu vya USB kwa simu, unachomeka. Zinazosumbua ni mbili. Moja ni umeme: maiki inakula kwa betri ya simu, na zile za mataa zinakula zaidi, simu nyingine zinakataa. Pili ni programu: rekoda nyingine haioni maiki ya nje, inaendelea na ile ya simu. Fanya ile ya ukucha. iPhone kuanzia 15 zina tundu la USB-C, hizo ni rahisi. Za nyuma zinataka adapta yao.

#11 Mchungulia Nyuzi

Ubarikiwe. Na ile kubwa nyeusi wanayokaa nayo watangazaji wa podikasti zote za Marekani?

#12 Fundi Mitambo

Shure SM7B. Ni dainamiki, na siyo ya USB. Kule kwao inauzwa karibu dola 400 na bado hujanunua kadi ya sauti ya kuisukuma, nayo inataka geini ya desibeli 60 hivi, kadi nyingi za bei ndogo zinahema. Shure walitoa ndugu yake ya USB, MV7, mwaka 2020. Ni nzuri, lakini uzi huu ni wa laki mbili.

AM8 na wenzake umbo lao linaiga hiyo. Umbo tu.

#13 Mpemba wa Wete

Assalaam alaykum. Nimekuja na mambo matatu, maiki mmeshayamaliza.

La kwanza pumzi. Lugha yetu ina "p" na "b" kila pahala, na sisi watu wa visiwani tuna zile za kupuliza zaidi. Maiki ikikaa mbele ya mdomo sawasawa, kila "p" inaingia "bufu!". Wengi hukimbilia kununua kichujio. Kinunue, si kibaya, au chukua waya wa kuanikia nguo, ukunje duara, uvishe soksi nyembamba ya kike, uweke vidole vinne mbele ya maiki. Lakini dawa kubwa ni kuiweka maiki kando kidogo, usawa wa pembe ya mdomo, ielekee mdomoni, wewe usome mbele. Pumzi inapita ubavuni, sauti inaingia. Jaribu na "pepo za pwani zapiga pazia", kisha "siku sita za safari ya Songea". Ya kwanza inakwambia pumzi, ya pili inakwambia kama "s" zinachoma.

La pili, mgongo wako. Maiki hizi zinasikia mbele na kuziba nyuma. Watu wakisikia hivyo hubandika sponji kwenye ukuta ulio nyuma ya maiki. Sasa fikiria: mbele ya maiki kuna nani? Wewe. Na nyuma yako kuna ukuta. Sauti inatoka kwako inatembea chumbani, inapiga ukuta ulio mgongoni kwako na kurudi moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Blanketi litundikwe hapo, nyuma ya msomaji. Na ule mgongo wa maiki, ulio kiziwi, uelekeze dirishani kwenye bodaboda zenu.

La tatu, godoro. Mwenye chumba kimoja ana godoro. Lisimamishe, likae nyuma yako au ubavuni. Hilo limeshinda sponji zote za madukani.

#14 Msimulizi wa Mbagala

Waalaykum salaam shehe, hiyo ya mgongo sijawahi kuisikia popote. Na trei za mayai je? Studio zote za mtaani nimeziona zimebandika ukuta mzima.

#15 Mpemba wa Wete

Trei ni karatasi. Haizuii sauti kutoka wala kuingia, na mwangwi inaugusa kidogo sana huko juu kwenye "s" na "sh". Sauti nzito ya kiume inapita humo haina habari. Utapata mende tu. Kinachomeza sauti ni unene wenye nyuzi: blanketi zito lililokunjwa mara mbili, godoro, mazulia, pazia nene lenye mikunjo. Khanga moja ukutani ni pambo.

Na tusidanganyane, blanketi linameza mwangwi wa ndani. Bodaboda halizuii. Ya nje yanazuiwa na ukuta, dirisha lililofungwa na saa unayochagua.

#16 Jobless Mwandamizi

Kwa hiyo jogoo bado anaishi?

#17 Mama Kisomo

Jogoo akiwika unanyamaza, unasubiri, unarudia sentensi tangu mwanzo wake. Usirudie kuanzia neno ulilokatizwa, maana sauti itakuwa imebadilika na kiungo kitasikika. Mimi napiga makofi mara moja kila ninapokosea au mbwa akibweka. Baadaye kwenye mchoro wa sauti naona mnara mmoja mrefu, najua hapo pana kazi ya kukata. Adhana ya alfajiri, treni, mvua kwenye bati, hivyo vyote havina programu. Mvua ikinyesha ni siku ya kuandika.

#18 Msimulizi wa Mbagala

Wakuu nawashukuru sana. Fundi, nikiipata hiyo dainamiki, kompyuta naiwekaje? Nina Audacity tayari, ile programu ya kurekodi, nilipewa na rafiki, ila ninachojua ni kubonyeza kitufe chekundu.

#19 Fundi Mitambo

Kitufe chekundu ndiyo nusu ya kazi. Nyingine hii.

Kwenye Windows nenda mipangilio ya sauti, chagua maiki mpya iwe ya kuingizia sauti, kisha zima yale maboresho ya sauti ambayo Windows inajiwekea. Yanakata mwanzo wa maneno na kupandisha kelele unaponyamaza. Ndani ya Audacity chagua maiki hiyo hiyo kwa jina, na rekodi mono, yaani njia moja ya sauti. Mdomo ni mmoja, maiki ni moja, stirio itakupa faili kubwa mara mbili bila faida. Kiwango cha sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, weka 44,100 au 48,000, vyovyote. Ukikuta boksi limeandikwa biti 24 na 192kHz usilipie zaidi kwa sababu hiyo. Biti 16 peke yake zinabeba tofauti ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele, na chumba chako hakikaribii kimya cha namna hiyo hata kijiji kizima kilale.

Geini: soma kipande cha hadithi chenye ugomvi, ile sehemu unapopiga kelele za mhusika. Vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa 0 sauti inapasuka na hakuna fundi wa kuirudisha. Sauti ikiwa chini kidogo unaipandisha baadaye, haina shida. Dainamiki itakutaka uzungushe geini juu kuliko unavyotegemea, usiogope, mradi uko vidole vinne kutoka kwenye wavu.

Rekodi sekunde tano za kimya kabla ya kuanza kusoma. Feni imezimwa, hupumui kwenye maiki. Kile kimya ndicho utakachoionyesha Audacity kama mfano wa kelele ya kuondoa. Ipunguze desibeli 6, ikizidi sana 12. Nimesikia simulizi zimeondolewa kelele mpaka msomaji anaongea kama yuko ndani ya bomba la maji, na wasikilizaji wanaona afadhali kelele. Baada ya hapo kata masafa ya chini ya hezi 80, humo mna ngurumo za malori na mtikisiko wa meza tu, sauti ya mtu haikai huko.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, "mmmm", chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Umeme wetu unatembea kwa hezi 50, na chaja zisizo na pini ya ardhi zinaupitisha kwenye waya wa USB mpaka kwenye maiki. Kama betri ya Dell yako imekufa, jaribu tundu la ukutani lenye ardhi kweli, siyo lile la adapta ya pini mbili.

Unataka kipimo cha kujua umefika? ACX, wanakopokelea vitabu vya sauti vya Audible, wanadai kimya cha chumba kisizidi desibeli -60, kilele kisizidi -3, na wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18. YouTube haikudai hayo, lakini ni rula nzuri kuliko masikio yaliyochoka.

#20 Mama Kisomo

Hiyo ya chaja imenigusa. Huo "mmmm" ninao, nikadhani ni friji.

#21 Fundi Mitambo

Huenda ni friji pia, dada. Chomoa kimoja kimoja usikie. Friji ukiizima weka funguo za nyumba juu yake, hutasahau kuiwasha kabla ya kutoka.

#22 Msimulizi wa Mbagala

Mrejesho, wakuu.

Q2U sikuiona popote. Nimechukua Fifine AM8, laki na sabini baada ya kubishana. Nilikwenda na kompyuta yangu kama alivyoelekeza Kaka wa Luthuli. Muuzaji alishangaa nilipoanza kukwaruza maiki na ukucha, nikaisukuma mpaka mkono ukanyooka, kweli sauti ikafifia. Akaniuliza kama ni fundi. Nikanyamaza.

Stendi yake ni fupi, maiki inabaki kifuani. Nimeipandisha juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa taulo, sasa iko usawa wa pembe ya mdomo. Mataa nimeyazima. Godoro liko nyuma yangu limeegemea mlango, blanketi ubavuni kwenye misumari ile ile ya nguo, mgongo wa maiki unatazama dirisha. Bodaboda zinasikika bado, ila kwa mbali sana, ukiweka muziki mdogo wa chini hazionekani. Kimya cha chumba usiku kinasoma -57. Feni ikiwaka kinapanda mpaka -44, kwa hiyo nasoma kifua wazi.

Kisima kimeisha. Sasa wameanza kusema nasoma haraka mno.

#23 Mpemba wa Wete

Mashaallah. Hilo la kasi tafuta maji ya uvuguvugu na kituo cha nukta. Na ndoo itie mchanga kidogo, ndoo tupu inaitikia sauti.

#24 Kaka wa Luthuli

-57 kwa nyumba ya kupanga? Poa sana. Wakati una pesa tena, tafuta ule mkono wa kufunga kwa meza, ndoo irudi kwa rangi.

#25 Ustadh wa Tandika

Nimesoma uzi wote, mmefanya kazi kubwa. Sisi tuna kikundi cha kaswida, vijana wanne na dufu moja. Tukichukua AM8 mbili tukazichomeka kwenye kompyuta moja itawezekana?

#26 Fundi Mitambo

Ustadh, hapo USB inaishia. Audacity inarekodi kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na hata ukipata programu inayokubali viwili, kila maiki ya USB ina saa yake ya ndani. Kaswida ya dakika kumi mwishoni utakuta vijana wamepishana na dufu bila mtu kukosea. Nyie mnahitaji kadi ya sauti yenye matundu ya XLR na maiki za kawaida za jukwaani, mbili kwa vijana wawili wawili, moja kwa dufu na ikae mbali nalo. Dufu likiwa karibu litawameza wote.

Kama ni lazima iwe maiki moja, chukua kondensa, wakae nusu duara mbele yake, mwenye sauti nene arudi hatua moja nyuma, na mpiga dufu hatua mbili nyuma yake. Msikitini kukiwa na mazulia rekodini humo, mchana baada ya swala ya adhuhuri watu wakishatoka. Feni zote zizimwe, na mmoja abaki mlangoni.